Polinesia ya Ufaransa kwa tanga na kwa miguu: nanga, milango ya mwamba na njia za mlimani

Kutoka visiwa vya Galápagos hadi visiwa vya Marquesas ni kama maili 3,000 za baharini, wiki tatu hivi za kusukumwa na upepo wa kusini-mashariki. Anayefika akitarajia maji ya kijani yaliyotulia hayakuti. Marquesas ni milima iliyosimama wima kutoka baharini, karibu haina mwamba wa matumbawe wa kuikinga. Tuamotu ni kinyume chake: mlima umeshazama, umebaki mwamba mtupu wa duara, yaani atoli. Visiwa vya Society, yaani Tahiti, Moorea, Raiatea na jirani zao, vina vyote viwili. Ukiishika tofauti hii moja utajua utie nanga vipi, uingie saa ngapi, na uvae viatu gani.

Msimu mzuri ni Mei hadi Oktoba. Novemba hadi Aprili ni miezi ya vimbunga. Ukitoka Marquesas rudisha saa nyuma nusu saa, maana Tuamotu hufuata saa ya Tahiti. Nusu saa inaonekana kitu kidogo mpaka usome jedwali la maji kujaa na kupwa kwa saa isiyo yake.

Ghuba nyingi za Marquesas zinaingiwa na mawimbi ya mbali. Upepo ukigeuka, mashua hulala ubavu dhidi ya mawimbi na kuyumba usiku kucha. Dawa yake ni nanga ya pili upande wa tezi, yaani nyuma ya mashua, ili omo, sehemu ya mbele, ibaki imeyatazama mawimbi. Lakini dawa hiyo haifai kila mahali. Hanavave, kisiwani Fatu Hiva, upepo huporomoka bondeni kwa vishindo na kubadilika ghafla. Mashua iliyofungwa mbele na nyuma hupigwa ubavuni na nanga hung'oka. Hapo tia nanga moja tu, na mnyororo mrefu: kina kikiwa meta 18, meta 75 si nyingi. Sehemu ya maji mafupi ni finyu, kwa hiyo fika mapema kabla wengine hawajaijaza.

Kwa miguu, Fatu Hiva ina njia ya kilomita 17 kutoka Omoa hadi Hanavave, yenye mpando mkali na kivuli kidogo. Beba lita 3 za maji kwa kila mtu. Nuku Hiva ina maporomoko ya Vaipo, karibu meta 350. Unatia nanga Hakatea, unakwenda kwa dingi, kijiboti cha mashua, hadi mdomo wa mto Hakaui, kisha unatembea saa mbili hivi kwenda, ukipita majukwaa ya kale ya mawe, paepae, yaliyofunikwa na miti. Uliza wenyeji kabla ya kuondoka iwapo njia iko wazi. Bonde linabanwa na kuta ndefu zinazomwaga mawe, na mvua ya milimani hujaza mto upesi kuliko unavyoweza kurudi. Maji ya mito ya huku yanaweza kubeba leptospira, bakteria wa ugonjwa. Funika kidonda chochote kabla ya kuvuka. Vijidudu viitwavyo nono vinauma bila kusikika, na kuwashwa huanza baadaye. Suruali ndefu na mafuta mazito ya nazi kwenye ngozi husaidia. Ukijikuna, kipele kinageuka kidonda.

Marquesas hadi Tuamotu ni maili 500 hivi, siku nne. Bougainville alipopita 1768 aliviita visiwa hivi funguvisiwa la hatari, na sababu bado ipo: kitu kirefu kuliko vyote ni mnazi, na mnazi hauonekani mpaka umekaribia sana. Panga safari ufike asubuhi. Ukichelewa, subiri nje kwenye maji marefu.

Mlango wa mwamba, yaani upenyo wa kuingilia maji ya ndani ya atoli, ndio mtihani wenyewe. Mawimbi makubwa ya kusini hurusha maji juu ya mwamba, maji yanajaa ndani, na njia kubwa ya kutokea ni mlango. Ndiyo maana jedwali peke yake halitoshi. Bahari ikiwa imekupwa kabisa, maji ya ndani bado yako juu, kwa hiyo mkondo unaendelea kutoka hata baada ya saa iliyoandikwa. Na maji yakishajaa, unaanza kutoka mapema. Baada ya siku kadhaa za mawimbi ya kusini, mkondo unaweza kutoka karibu mchana kutwa. Simama nje kwanza, utazame kwa darubini. Mkondo ukikutana uso kwa uso na upepo, mawimbi husimama mahali pamoja, mafupi na yenye povu. Kwenye mlango wa Tumakohua, kusini mwa atoli ya Fakarava, mawimbi hayo huonekana nje maji yakitoka. Garuae, ule mpana wa kaskazini, yanaweza kusimama upande wa ndani maji yakiingia. Mashua inayokwenda maili 6 kwa saa kwa injini, dhidi ya mkondo wa 4, inabakiwa na 2 tu, na injini ikizima hapo hakuna nafasi ya kufikiri. Ipashe moto mapema, tanga liwe tayari kupandishwa, na mtu mmoja akae omo.

Ndani, jua ndiyo ramani. Safiri kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa juu na nyuma yako. Buluu ni kina, kijani kibichi ni mchanga, kahawia ni tumbawe karibu na uso wa maji. Miwani inayokata mng'ao ni lazima. Wingu moja likipita, rangi zote zinafutika. Punguza mwendo hadi lipite.

Tafuta mchanga wa kuangushia nanga, kisha uning'inize mnyororo kwa maboya, kwa sababu vichwa vya matumbawe vimetapakaa kila mahali. Mnyororo wa milimita 10 una uzito wa kilo 2 hivi kwa kila meta ukiwa majini. Boya la kipenyo cha sentimeta 30 hubeba kama kilo 13. Hivyo boya moja kwa kila meta 6 linatosha. Kwenye kina cha meta 12, toa kwanza meta 18 bila boya, ndipo ufunge la kwanza. Likiwa karibu mno na nanga, linainua shina lake na nanga inaburuta. Bila maboya, upepo ukizunguka mnyororo unajiviringa kwenye tumbawe na kufupika; wimbi likiinua omo, kitu fulani kitakatika, na tumbawe la miaka mingi litakuwa limevunjwa.

Samaki wa mwambani usimle kabla ya kumwuliza mwenyeji. Sumu ya ciguatera inatokana na kiumbe kidogo kiitwacho Gambierdiscus, jina lililotokana na visiwa vya Gambier vya hapa hapa. Haitolewi kwa kupika wala kugandisha, na samaki aliye salama mlango huu anaweza kuwa na sumu mlango wa pili. Beba pia faranga za Pasifiki taslimu, 119.33 kwa yuro moja, maana atoli nyingi hazina mashine ya pesa.

Bora Bora hairuhusiwi kutia nanga. Unafunga kwenye boya la kulipia. Tahiti, mlima Aorai wa meta 2,066 unataka kuanza alfajiri, kwa sababu mawingu huufunika kabla ya adhuhuri na ukingo wa juu ni mwembamba, wenye kamba za kushikia. Raiatea, kwenye uwanda wa Temehani, humea tiare apetahi, ua lenye petali upande mmoja tu, ambalo halimei popote pengine duniani. Litazame, usiliguse.

Maupiti niiweke mwisho. Mlango wake mmoja, Onoiau, umetazama kusini, palepale yanapotoka mawimbi. Mapovu yakiziba upana wote, endelea na safari. Ukiingia, weka akiba ya chakula cha wiki nzima, maana unaweza kufungiwa ndani. Siku moja kabla ya kung'oa nanga, panda Teurafaatiu, karibu meta 380, sehemu ya mwisho ikiwa ya kushika kamba. Kutoka juu utaona mwamba mzunguko mzima. Kaa nusu saa ukihesabu mawimbi yanayovunjika mlangoni, na muda wa utulivu kati ya kundi moja na lingine, ndipo ushuke ukaamue.