Malisho yenye ukoko: makingamaji ya nusu mwezi Dodoma

Mfugaji wa Chamwino au Bahi akilalamika kwamba mvua haitoshi, kaangalie kwanza ardhi yake. Dodoma hupata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na hizo zinaotesha nyasi vizuri tu. Tatizo ni kwamba maji hayaingii ardhini. Ng'ombe wakishakwangua nyasi, matone yanapiga udongo mtupu, chembe laini zinaziba vitundu, na jua likiwaka unabaki ukoko kama ule wa sufuria ya ugali. Mvua inayofuata inateleza juu yake hadi korongoni.

Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Zikinyesha milimita 30 kwenye mita 20 za mraba na nusu yake ikatiririka, umepoteza lita 300.

Kuzidaka, chimba makingamaji ya nusu mwezi: funga kamba ya mita 2 kwenye kigingi, chora nusu duara, tumbo lielekee chini ya mteremko. Chimba sentimita 15 hadi 20. Udongo uweke upande wa chini na uushindilie hadi tuta lifike sentimita 30. Ncha mbili ziwe usawa mmoja, na hapo usiamini macho: tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule mwangavu ambao maji yake husimama usawa mmoja pande zote mbili. Ncha moja ikiinama kidogo tu, maji yote yanapitia hapo, tuta linakatika, na umejichimbia korongo jipya. Safu inayofuata ikae mkabala na nafasi zilizoachwa juu. Ndani ya korongo usichimbe kabisa. Anzia juu ya mteremko.

Kwa mbegu, Cenchrus ciliaris, aina ya nyasi za malisho, inafaa. Iliyovunwa juzi huota kwa shida, iache ghalani miezi kadhaa. Ina manyoya na inapeperuka, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu, kwaruza udongo, funika isizidi sentimita 1. Ukiifukia kama mahindi haitoki.

Kazi nyingi hufia kwenye mifugo. Kondoa, mwaka 1979, serikali iliondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, ila gharama waliibeba wafugaji. Kwa kijiji, bora kufunga kipande kimoja kwa zamu, kwa sheria ndogo, hadi nyasi ziangushe mbegu, kisha zikatwe na kupelekwa zizini. Mbuzi wachungwe zaidi, wanapanda hadi kwenye tuta.

Baada ya kila mvua kubwa pita na jembe. Tuta lililopasuka lizibwe siku hiyo hiyo, udongo ungali na unyevu, ukikauka haushikani.