Ule ukuta wa Kibokoni na toleo jipya

Jumapili usiku. Kusi inavuma tangu alasiri na mimi nimekaa hapa nyumbani Tudor, Mombasa, na laptopu mapajani, kazi sijafungua wala sitafungua, nataka tu niandike haya kabla wiki haijaanza manake tangu Jumanne ofisini hakuna mazungumzo mengine ila toleo jipya la Revit, programu tunayochorea majengo.

Wenye kazi zengine huenda wasielewe. Programu ya kuchorea majengo tunaishi nayo saa kumi kwa siku, vidole vyajua vitufe viko wapi hata macho yakiwa kwengine, sasa ukija asubuhi ukute vimehamishwa ni kama kuingia jikoni kwako ukute mtu kapanga vyombo upya usiku. Chumvi iko, lakini wapi? Na sisi tulikuwa tumeganda kwenye toleo la zamani kwa miaka kadhaa, sababu ya mashine zetu zilizochoka na sababu injinia wetu wa Nairobi naye alikuwa hajahama, kwa hivyo mabadiliko ya miaka yote hiyo yametuangukia siku moja.

Vijana wawili walifurahi mpaka wakasahau chai. Mmoja alikuwa akionyesha kila anayepita kwamba skrini sasa inaweza kuwa nyeusi yote, macho hayaumi usiku. Dada wa meza ya dirishani alifungua, akazunguka dakika kumi, mashine yake ikaanza kuunguruma kama jenereta, akafunga akasema, "Mimi narudi kwa la zamani mpaka nimalize kazi ya Nyali, tafadhalini msinisumbue." Na mzee wetu mwenye ofisi hakusema kitu, alivaa miwani akasimama nyuma ya kijana, akatazama tu.

Mzee ameyaona haya mara nyingi. Yeye alianza na ti-skwea, ile rula ya umbo la T, na kalamu za wino kwenye karatasi ile inayopitisha mwanga, ukikosea unakwaruza wino kwa wembe polepole usitoboe. Halafu ikaja AutoCAD, ya kuchorea kwenye kompyuta, ambayo huko Marekani ilitoka 1982 ingawa kwake ilifika miaka mingi baadaye, halafu Revit iliyotoka mwaka 2000 na Autodesk, wenye AutoCAD, wakainunua 2002 kwa dola milioni 133. Jina lenyewe la Revit limetungwa kutokana na maneno ya Kiingereza ya kusema rekebisha papo hapo, na hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa, yaani ukisogeza dirisha kwenye plani linasogea lenyewe kwenye seksheni (mchoro wa nyumba kana kwamba imekatwa wima), kwenye sura za nje, na kwenye jedwali la madirisha. Waliozaliwa na hii hawajui uchungu wa kuhamisha dirisha moja kwenye karatasi saba halafu fundi aje akuonyeshe ile ya nane uliyoisahau.

Na kila mabadiliko yana ugomvi wake. Mwaka 2009 Revit ilipopanga vitufe vyote kwenye utepe mpana juu ya skrini, akitekti wengi walilalamika kwamba nguvu zimekwenda kwenye sura ilhali kuta na ngazi ziko vile vile. 2020 ofisi kubwa za akitekti za Uingereza, wakiwemo Zaha Hadid Architects na Grimshaw, ziliandika barua ya wazi kwa mkuu wa Autodesk, Andrew Anagnost, kusema gharama zinapanda na programu haiendelei kwa kasi hiyo. Ile barua niliisoma mara tatu. Kama wale wanaojenga viwanja vya ndege wanahisi wanabanwa, je sisi watu sita hapa Ganjoni, tunaolipia programu kwa dola na kulipwa na wateja kwa shilingi, tena kwa mafungu? Zamani ulinunua leseni ikawa yako hata ukikaa nayo miaka kumi. Siku hizi kampuni nyingi zimeacha kuuza hivyo, Autodesk waliacha 2016, unalipia muda, na muda ukiisha hujalipa, michoro yako mwenyewe huwezi kuirekebisha. Hilo mimi silikubali moyoni mpaka leo, ingawa nalipa.

Sasa Alhamisi.

Kijana aliye kwetu kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazi, alifungua faili la nyumba ya Kibokoni, Mji wa Kale, kwa toleo jipya. Programu ikamuuliza kama aligeuze, akakubali, akafanya kazi vizuri tu mpaka jioni, akasevu. Faili likishageuzwa halirudi nyuma, toleo la zamani haliwezi kulifungua kabisa, na injinia alikuwa analisubiri. Nakala tuliyokuwa nayo ni ya Jumatatu usiku, kwa hivyo ama tupoteze siku tatu za watu wawili ama tumbembeleze injinia ahame. Kijana alikaa kimya, macho yamemjaa. Nikamwambia si kosa lake, ni sisi hatukumwambia, na ni kweli, hakuna aliyemwambia. Mzee akasema, "Basi, hilo limekwisha. Nyumba yenyewe iko pale pale, kesho nendeni mkaitazame."

Tukaenda Ijumaa asubuhi, mimi na kijana, na mita ya leza. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa moja, baraza mbele, roshani ya mbao juu imeinamia njia. Kuna fundi pale ni mtu mzima sana, chokaa ameifanya tangu utotoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba huku mkono uko ukutani. Nikamwambia kwenye ramani yetu tumeandika ukuta umepinda. Akanitazama. "Mwanangu, huu haukupinda. Umepunguzwa. Waloujenga walijua, chini mnene, juu mwembamba, na pale unapopungua ndipo boriti zinapolala."

Tukapima. Chini sentimita 58, ghorofani 47, na upande wa pili hivyo hivyo, upungufu wote uko kwa ndani. Kumbe chumba cha chini kina upana wa mita 2.60 na cha juu yake 2.82! Miaka yote kwenye toleo la zamani tulichora ukuta mmoja ulionyooka wa sentimita 50 kutoka chini mpaka juu, tukaweka maneno pembeni kwamba vipimo vihakikishwe kwenye saiti, na boriti za paa tulikuwa tumeziandikia urefu wa chumba cha chini. Zingekuja fupi. Na boriti siku hizi haziji ovyo, ni miti ya mikoko na ukataji wake unadhibitiwa, huwezi tu kusema niletee zengine.

Tuliporudi ofisini nikafungua toleo jipya, ndani yake kuna ukuta unaoweza kupungua unene ukipanda. Kwa wengine ni kitu kidogo, nimesikia watu wakisema nani anajenga kuta kama hizo karne hii. Mimi nilipoingiza 58 na 47 na seksheni ikajichora, moyo ulinipiga wallahi. Nimefanya kazi za Mji wa Kale miaka 9 na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona ukuta wa kwetu kwenye skrini ukiwa na umbo lake, si umbo ninalolazimishwa nilikubali kisha niombe radhi kwa maelezo pembeni.

Lakini nisiisifu kupita kiasi. Ule ukuta wa programu unapungua taratibu kama kabari, wa fundi unapungua kwa kidato pale penye sakafu, ikabidi nichore vipande viwili na kuvipandanisha. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nilivikata kimoja kimoja kwa mkono. Na ukifungua maktaba ya vifaa unakuta mbao za jipsamu za kila aina, sufi za kuzuia baridi za unene huu na ule, hapa Mombasa nani anazuia baridi? Matumbawe hakuna. Chokaa yetu hakuna. Boriti, makuti, hakuna. Hapa ndipo naona ugomvi wetu wa vitufe unatupotezea muda, vitufe tutavizoea kwa wiki mbili, lakini hizi kuta hakuna atakayekaa nchi ya baridi akatuchorea. Fort Jesus iliingia urithi wa dunia wa UNESCO 2011, na mitaa inayoizunguka bado tunaichora kwa vifaa vya nyumba za theluji. Kwa hivyo Jumamosi mimi na yule kijana wa atachimenti tumeanza maktaba yetu wenyewe, tumeshaweka ukuta wa matumbawe na boriti za vipimo vitatu, na majina tumeandika kwa Kiswahili ili fundi akisoma jedwali aelewe.

Mzee alikuja jioni, akaomba tumprintie ile seksheni kwa karatasi kubwa. Akaitandaza mezani, akatoa penseli, akaanza kuandika vipimo kwa ule mwandiko wake wa zamani, ule ulionyooka, hakuinua kichwa mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Injinia amejibu leo mchana, ataweka toleo jipya usiku huu. Kesho lazima nipite mjini asubuhi nitafute RAM ya mashine ya dada wa dirishani, nimemwahidi.