Schwabing usiku: njia na saa ninazozifuata

Anayeshuka kituo cha Münchner Freiheit na kuishia Leopoldstraße huona barabara pana, magari na mikahawa iliyopangana, kisha akaondoka Munich akijiuliza sifa za Schwabing, mtaa wa wasanii na baa, zilitoka wapi. Zilitoka mitaa ya pembeni. Ndiyo maana mimi huanzia kusini, kituo cha Universität (treni za U3 na U6), jua likiwa bado lipo, nikaelekea kaskazini kwa miguu.

Kwanza tiketi. Ukitarajia kupanda mara kadhaa, chukua ya siku nzima: inatumika hadi saa kumi na mbili asubuhi ya siku inayofuata, kwa hiyo inakurudisha ulikofikia. Mwenye Streifenkarte, ile kadi ya mistari kumi, hutumia mistari miwili kwa safari moja ya mtu mzima ndani ya eneo la M, yaani Munich yenyewe. Kunja kadi ugonge muhuri kwenye mstari wa pili tu, katika mashine iliyopo kabla ya kufika treni inaposimama. Tiketi isiyo na muhuri ni sawa na kutokuwa nayo, na faini ni yuro 60.

Ukitokea juu utaliona Siegestor, lango lililokamilika mwaka 1852, juu yake simba wanne wakivuta gari. Wengi hupiga picha upande wa simba wakapita. Zunguka upande wa kusini, ambao baada ya mabomu ya vita haukurudishiwa mapambo yake yote. Maandishi yake yanasema lango liliwekwa wakfu kwa ushindi, likabomolewa na vita, nalo linahimiza amani.

Kando yake ni Chuo cha Sanaa, kilichowavuta wachoraji mtaani hapa. Fuata Akademiestraße hadi mwisho, kata kushoto Türkenstraße, nambari 57 ni Alter Simpl. Kwenye ramani za leo hapo ni Maxvorstadt, mtaa jirani, lakini historia ya Schwabing huwezi kuieleza bila baa hii. Kathi Kobus aliifungua mwaka 1903 na kuipa jina la gazeti la dhihaka, Simplicissimus, kwa ridhaa ya wenyewe. Nembo ya gazeti ilikuwa mbwa mwekundu aliyekata mnyororo; mbwa wa Kobus anafungua chupa ya shampeni. Fika mapema. Meza yenye kibao cha Stammtisch ni ya wateja wa kudumu, usiikalie hata ikiwa tupu.

Rudi Leopoldstraße, elekea kaskazini hadi Ainmillerstraße mkono wa kushoto kabla giza halijaingia, kwa sababu kinachofuata ni cha kutazamwa. Nyumba nambari 22, ya mwishoni mwa karne ya 19, imejaa rangi na nakshi ukutani. Mchoraji Kandinsky aliishi nambari 36, mwenzake Paul Klee nambari 32. Michoro yao usiitafute hapa. Iko jumba la Lenbachhaus, na ni safari ya mchana.

Usiku sasa. Pita Münchner Freiheit, ingia Feilitzschstraße hadi Wedekindplatz, kisha Occamstraße. Baa zimebanana hapa, na Lustspielhaus ina maonyesho ya vichekesho. Kama Kijerumani chako ni cha kuombea maji tu, usinunue tiketi: utani wenyewe ni wa siasa na maneno, hutaambulia kitu.

Kinachowachanganya wageni ni saa. Bustani za bia, kama ile ya Chinesischer Turm yenye viti 7,000 hivi, huacha kuuza saa nne na nusu usiku na kufunga saa tano. Ni sheria ya jimbo la Bavaria, kwa ajili ya majirani. Basi anza bustanini, malizia ndani, ambako baa zinaruhusiwa kuendelea hadi saa kumi na moja alfajiri. Bustanini, sehemu ya kujihudumia, unaruhusiwa kuleta chakula chako, vinywaji ununue pale. Glasi unailipia amana, uirudishe upewe hela yako. Asiyekunywa pombe aagize Spezi, yaani kola na soda ya chungwa pamoja. Asiyekula nguruwe aache Leberkäse, nyama ya kusaga iliyookwa, na soseji, achukue Obatzda, jibini ya kupaka.

Tangu 2010 hakuna kuvuta sigara ndani, hivyo watu hujazana milangoni, chini ya madirisha ya waliolala. Sema kwa sauti ya chini. Kelele za usiku hapa zina historia nzito: Juni 1962 polisi waliwaandama vijana waliokuwa wakipiga magitaa barabarani, zikazuka vurugu za usiku kadhaa mfululizo.

Bili hulipwa mezani. Taja jumla unayotaka kulipa, bakshishi ya asilimia 5 hadi 10 ikiwemo, kabla hujatoa noti, na uwe na pesa taslimu. Siku za kazi treni hukatika kama saa saba usiku, Ijumaa na Jumamosi kama saa nane. Baada ya hapo tafuta basi au tramu yenye herufi N, na ratiba yake uitazame kabla hujaagiza glasi ya mwisho.