Daraja la Katonga lilivyonikatikia mara mbili

Mara ya kwanza lilikatika kweli. Mei 2023, mafuriko ya mto Katonga, hapa Uganda, yalipokata barabara ya Kampala–Masaka, habari ilifika mapema kwenye kundi letu la WhatsApp la wauza vitunguu. Niliisoma nikacheka. Herufi kubwa tupu, alama za mshangao kibao. Nikajisemea, uzushi huo. Gari langu lililotoka Mutukula, mpakani na Tanzania, likaenda kukwama Lukaya, likageuza hadi Masaka, likazunguka Villa Maria, Sembabule, Kanoni mpaka Mpigi. Magunia ya chini yalifika soko la Owino, Kampala, yanachuruzika maji.

Mwaka uliofuata, mvua za masika, Hajji mmoja tunayemheshimu sana akatuma video. Maji yamefurika, watu wamesimama ukingoni, mmoja na koti la mvua la njano, na chini yake: "Katonga imekwenda tena leo asubuhi." Dereva wangu alikuwa Masaka anasubiri neno langu. Kuzunguka ni dizeli na siku nzima.

Safari hii sikuamini, wala sikucheka. Juu ya video niliona vile vishale viwili vya ujumbe uliosambazwa mara nyingi, kwa hiyo Hajji hakuipiga yeye. Nikatafuta neno "Katonga" humo humo simuni, nikarudi nyuma hadi jumbe za Mei 2023. Kumbe yupo! Jamaa yule yule wa koti la njano, viatu mkononi. Video ile ile, maneno ndiyo mapya.

Ila video kuwa kuukuu hakukuniambia kama daraja ni zima. Angeweza mtu kuweka picha ya zamani kwenye habari ya kweli, nimeshaona. Nikampigia mama mmoja anayechoma gonja, zile ndizi tamu, kando ya barabara pale Lukaya, namba yake ninayo kwa ajili ya tumbo tu.

"Nnyabo, magari ya Kampala yanapita?"

"Basi limeondoka sasa hivi, hata chenji yangu hawajanipa!"

Nikampigia pia dereva mwingine aliyekuwa Kayabwe, ng'ambo ya daraja. Alikuwa ameshavuka. Nikamwambia wangu, twende.

Hajji sikumjibu kundini. Mtu mzima haumbuliwi mbele za watu. Nilimtumia faraghani video mbili pamoja, na tarehe ya ile ya kwanza. Akashukuru, akaifuta. Jioni dada yangu akapiga simu kutoka Bukoba, anatweta: "Kaka, mko salama? Nasikia daraja limekatika."