Nilivyotoa utando wa grauti kwenye taili mpya

Fundi alipomaliza kuweka taili sebuleni kwetu Donholm, sakafu ilimeta ikiwa bado na maji. Ilipokauka ikawa nyeupe-nyeupe, ukipitisha kidole kinachora mstari na ncha yake inabaki na vumbi laini. Kupiga deki kwa sabuni ya unga hakukusaidia. Ikikauka tu, weupe unarudi.

Sabuni haiuwezi kwa sababu si uchafu, ni saruji. Fundi akipangusa grauti (ile saruji ya kujaza nafasi kati ya taili) kwa sponji, maji machafu ya ndoo huacha ngozi nyembamba juu ya taili, nayo huganda. Dawa ni kubadilisha maji kila mara, ila wiki ile mifereji ilikuwa mikavu na maji tulinunua kwa mitungi, kwa hiyo sikumlaumu.

"Mama, ninunulie asidi, hiyo ni kazi ya dakika mbili," akaniambia. Alimaanisha ile kali inayofukiza moshi ukifungua chupa. Kutoa inatoa, lakini inakula na grauti yenyewe, mvuke wake unachoma kifua, na ikichanganyika na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inatoa gesi ya klorini. Nikamwambia hapana, asante.

Taili zangu ni za kauri, kwa hiyo nilichukua siki nyeupe. Kwanza niliiacha grauti ikomae, zaidi ya wiki, maana ikiwa changa hata siki inailegeza. Nikachanganya kikombe kimoja cha siki na vinne vya maji, nikajaribu pembeni nyuma ya kochi. Kabla ya kupaka, nililowesha sakafu kwa maji matupu ili mistari ya grauti ishibe maji, isinywe siki. Halafu kipande kidogo kidogo: kusugua kwa brashi laini (steelwool inakwaruza, na vinyuzi vyake hushika kutu), kusuuza kabla siki haijakauka, kisha kukausha hapo hapo kwa taulo kuukuu la mitumba ya Gikomba. Kukausha ndiko kazi yenyewe. Ukiacha maji yajikaukie, weupe unatua upya.

Madonge yaliyoganda pembeni niliyabandua kwa ukingo wa kadi ya plastiki.

Maji ya siki nilimwaga chooni. Ngazi za ploti yetu ni za terazo, yaani saruji yenye vipande vya marumaru, na siki inavibabua vipande hivyo.