Siku moja maishani mwangu: nyuma ya dirisha la maabara

Nafanya kazi maabara, katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga. Wagonjwa wengi wananijua kwa mkono tu, ule unaopokea fomu dirishani.

Saa 1:15 asubuhi. Kabla sijamwita mtu, nasoma joto la friji ya damu na kuliandika. Linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 6. Kisha nafuta lenzi za hadubini na kuchuja Giemsa, rangi ya kufanya vimelea vionekane.

Saa 2:00. Foleni imefika kwenye ngazi. Wajawazito, wazee wa sukari, watoto wanaolia kabla hawajaguswa. "Shikamoo bibi, nipe kidole." "Marahaba mwanangu, usiniumize." Wote wana swali lilelile: nina wadudu wangapi?

Saa 4:30. Hapa ndipo siku yangu ilipo. Wodi ya watoto imeleta damu ya mtoto aliyemaliza sindano za malaria, artesunate, na sasa anakunywa dawa mseto. Kipimo cha haraka hakitusaidii, maana kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Lazima tuangalie damu yenyewe kwenye kipande cha kioo, kwa hadubini. Tone nene la damu linaachwa likauke lenyewe, linakaa kwenye rangi dakika 10, linaoshwa taratibu. Tone la mafuta, lenzi ya 100, naanza kupita.

Vimelea vya falciparum, aina mojawapo ya malaria, vina umbo la pete nyembamba yenye kito. (Mwaka 1880 Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliona vimelea vya malaria kule Constantine, Algeria, katika damu isiyotiwa rangi yoyote. Kila nikikumbuka namheshimu upya.) Ukiviona mapema, kazi imeisha nusu. Shughuli ipo usipoviona: siruhusiwi kuandika "hakuna" mpaka nipite fildi 100, yaani maeneo 100 ya kioo, moja moja kama yanavyoonekana kwenye lenzi. Nikiishia ya 20, fomu itatoka vilevile, na sahihi yangu vilevile, wala hakuna atakayeniuliza. Zile 80 zilizobaki ndizo zinazonifanya niipende kazi hii. Watu hutafuta maana ya kazi kwenye cheo au kwenye asante, na asante ni nzuri, simkatazi mtu. Lakini mama wa yule mtoto hanijui, na nataka ahudumiwe kana kwamba amesimama begani kwangu.

Fildi ya 100. Sijaona kitu. Naongeza nyingine, kwa ajili ya moyo wangu, ndipo naandika.

Saa 7:10. Wali maharage, haraka haraka.

Saa 8:00 mchana. Nesi wa leba anaingia mbio: mama amejifungua, damu haikatiki. Mumewe yuko dirishani na viatu vya shamba, hajui asimame wapi. Napima kundi la damu, nachanganya seli za mtoaji na maji ya damu ya mama, natazama kama zinagandana. Haraka ipo, hatua hairukwi; damu isiyomfaa inaweza kumuua. Hazigandani. Chupa inaondoka.

"Kaka, keti hapo kwenye benchi," namwambia mume. "Damu imeshapelekwa."

Saa 9:40. Mwenzangu wa zamu ya jioni amefika. Namkabidhi friji, namwambia leba wanaweza kuomba chupa ya pili, na namwekea kile kioo cha mtoto akipitie na yeye, bila kumwambia nimeandika nini.