Kati ya kikao na kikao

Leo tukirudi kutoka kwa mwanasaikolojia, ndani ya daladala, maswali yalikuwa yamenijaa mdomoni. Mmeongea nini? Umemwambia kuhusu shule? Umelia? Nikayameza yote. Mtoto alikuwa dirishani anahesabu bodaboda. Tulipokaribia kituo chetu akasema mwenyewe, "Mama, leo nimechora tumbo langu." Nikamwitikia, "Ehee?" Akaendelea kunisimulia mpaka tukashuka.

Yanayosemwa mle chumbani ni yake. Mwanasaikolojia hutueleza sisi wazazi tunachohitaji kukijua ili tusaidie, na jambo la hatari angetuambia mara moja. Mengine mtoto atayatoa akitaka.

Mwanangu yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa. Wasiwasi wake ulianza kama ugonjwa wa tumbo. Siku ya shule linamsokota, Jumamosi mzima kabisa. Tukapima malaria, tukapima choo, majibu yakawa safi, na daktari ndiye aliyetuelekeza kwenye tiba ya kisaikolojia. Mama mkwe alikuwa ameshaamua kwamba ni deko. Nikakaa naye jikoni nikamweleza nilivyoelezwa: mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, na tumbo linavurugika kwelikweli. Mtoto haigizi. Tangu siku hiyo anamwombea dua zake kama kawaida, na neno deko sijalisikia tena.

Kikao ni kama saa moja kwa wiki. Siku zote zinazobaki mtoto yuko mikononi mwetu, na huko ndiko tiba inakofanikiwa au kukwama. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Eli Lebowitz na wenzake walitengeneza tiba ya wasiwasi wa watoto ambayo mtoto haingii kabisa, wanaofundishwa ni wazazi tu. Utafiti wao uliochapishwa 2020 ulihusu watoto 124 wa miaka 7 hadi 14. Waliotibiwa kupitia wazazi wao walipata nafuu isiyopungua ile ya watoto waliohudhuria wenyewe tiba ya utambuzi na tabia, ile inayomfundisha mtoto kubadili anavyowaza na anavyotenda akiogopa. Nilipoelezwa hilo nilitulia sana, maana nilikuwa najiona mtu wa kubeba begi na nauli tu.

Wazazi tunafundishwa kupunguza vile vitu ambavyo familia nzima huvifanya ili mtoto asikutane na hofu yake. Kumjibia anaposalimiwa na wageni. Kulala naye. Kumwombea kwa mwalimu asisomeshwe mbele ya wenzake. Siviiti makosa, kila mzazi mwenye huruma anavifanya, na kwa siku hiyo moja vinamtuliza mtoto kweli. Lakini kila anapokwepa, anakosa nafasi ya kugundua kwamba hofu hupanda, hufika juu, kisha hushuka yenyewe akiivumilia. Hayo hayaelezeki kwa maneno. Lazima ayaone mwilini mwake.

Tunapunguza kimoja kimoja, na tunamwambia kabla, wakati ametulia. Kwa mfano swali lake la kila asubuhi: "Mama, utakuja kunichukua?" Najibu mara moja, vizuri, nikimtazama. Akirudia namwambia, "Baba, hilo nimeshakujibu. Huyo ni wasiwasi anauliza tena. Naona unaogopa, na ni vigumu. Na najua utaweza." Maneno haya lazima yaende pamoja, huruma na imani. Majumbani kwetu mara nyingi tunatoa upande mmoja tu. Kuna anayesema "acha woga, wewe mwanaume", na kuna anayesema "basi pole, usiende". Wa kwanza anamwacha mtoto peke yake na hofu. Wa pili anakubaliana nayo.

Hapa ndipo panaponiuma kuliko pote. Kumwona mwanangu machozi yanamlenga, na dawa ya haraka ninayo mdomoni, halafu nisiitoe. Baba yake naye hawezi kabisa kuvumilia, anatoka nje. Tumekubaliana kwamba anayezidiwa aondoke kimya, asimkatize mwenzake mbele ya mtoto.

Kabla ya kumsukuma mtoto aikabili hofu, hakikisha kwanza kama anachokiogopa ni cha kweli. Wa kwetu aliogopa kusoma kwa sauti, na tulipouliza kwa upole ikajulikana kwamba darasani kwao anayekosea neno anachapwa. Huo si wasiwasi wa kutibiwa kliniki! Nilimwona mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, nikaongea kwa heshima na bila kulegeza, mpaka tukakubaliana kwamba kukosea kusoma hakutakuwa na fimbo. Mtoto anayeonewa, anayepigwa au anayeguswa vibaya anahitaji kulindwa kwanza. Kwa hapa Tanzania namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, na kupiga ni bure.

Baada ya hapo ndipo tukaanza ngazi, yaani hatua za kuikabili hofu kidogo kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyezipanga na mwanasaikolojia, akaipa kila moja alama ya hofu kutoka 0 hadi 10. Kunisomea mimi. Kumsomea bibi yake, ambaye sasa ndiye msikilizaji mkuu, anamwita "mume wangu" na kudai ukurasa mwingine. Kumsomea mwalimu wake wakiwa wawili tu. Darasa zima liko juu kabisa, na hatulikimbilii. Kuna wiki anapanda, kuna wiki anarudi chini, hasa akiugua au shule zikifunguliwa. Tunachomsifia ni kujaribu. Hata akisoma sentensi moja kwa sauti inayotetemeka, nasema, "Umeogopa na umesoma."

Wiki hii ni zamu ya watoto wa jirani, wanne, barazani, baada ya alasiri. Ameipa 7. Kitabu amechagua mwenyewe, cha hadithi za sungura. Baba yake ameomba kuwepo. Nimemwambia akae, ila neno likimkwama mtoto asimtamkie.